Mtoto wako ameumiza mwenzake: nani atalipa? Maswali ya wazazi na walimu wa Lubumbashi

Jiwe lililorushwa kuangusha embe likatua kwenye jicho la jirani. Kompa, ile ya kuchorea duara, iliyochomwa mkononi mwa mwenzake wa dawati. Jino la mbele lililobaki kwenye uwanja wa rekreasyo. Kila mwaka wa shule una yake, na kila mara ugomvi unaanzia palepale: shule inasema ni mambo ya wazazi, wazazi wanasema ni mambo ya shule, na mtoto aliyeumia anangoja dawa. Majibu yafuatayo yanafuata sheria ya Kongo, na mifano ni ya mitaa yetu: Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba.

Mtoto wangu wa miaka 9 amempiga mwenzake jiwe usoni. Sikuwapo. Kwa nini ninadaiwa mimi?

Kwa sababu sheria haianzi kwa kuuliza kama ulikuwapo. Kodi ya kiraia (code civil, mkusanyo wa sheria za kiraia, siyo kodi ya kulipa), kitabu cha III, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ya zamani kuliko mji wenyewe wa Lubumbashi, lakini ndiyo juji anayoifungua mpaka leo. Kifungu cha 260 kinasema mtu anawajibika kwa kitendo chake, na vilevile kwa madhara yanayofanywa na watu anaopaswa kuwajibu. Kisha kinawataja: wazazi kwa watoto wadogo wanaokaa nao, mabosi kwa wafanyakazi wao wakiwa kazini, walimu na mafundi kwa wanafunzi wao muda wote wakiwa chini ya uangalizi wao.

Katika madai mengine ya madhara, anayedai ndiye anayehangaika kuonyesha kosa la mwenzake; ndivyo vifungu vya 258 na 259 vinavyotaka. Hapa mzigo umehamia kwako. Familia ya aliyeumia ina mambo matatu ya kuonyesha: mtoto hajafika miaka 18, anakaa nawe, na kitendo chake ndicho kilichojeruhi. Wakishamaliza hayo, wewe ndiye wa kujieleza.

Najieleza namna gani? Nilikuwa kazini, nitamwona vipi?

Mwisho wa kifungu cha 260 umeacha mlango mmoja: mzazi hatalipa akithibitisha kwamba hakuweza kuzuia kitendo kile. "Nilikuwa kazini" peke yake haipiti mlangoni, maana karibu kila mzazi wa Lubumbashi yuko kazini au sokoni saa hizo. Mambo mawili ndiyo yanayochunguzwa. La kwanza ni uangalizi wa siku ile: ulimwacha na nani, mtu wa umri gani, na alikuwa akifanya nini. La pili ni malezi: ulishamkanya, ulishamnyang'anya kitu kile, au kila mtu wa avenyu alijua na wewe ukanyamaza?

Chukua manati wakati wa maembe, Novemba na Desemba. Mtoto anatembea nayo shingoni wiki nzima, kavunja kioo cha jirani Jumanne, Ijumaa katoboa jicho la mwenzake. Baba huyo hana la kusema. Kioo cha Jumanne kinamshitaki. Sasa chukua mtoto anayecheza ndani ya ua, dada wa miaka 20 amekaa pale akichambua sombe, na mtoto anageuka ghafla na fimbo inamgonga mgeni aliyekuwa akipita nyuma yake. Hapo kuna la kujitetea, na dada yule ndiye shahidi wako wa kwanza. Kadiri mtoto alivyo mdogo, juji anatazama zaidi uangalizi. Kadiri alivyo mkubwa, anatazama malezi, kwa sababu hakuna anayemfuata kijana wa miaka 16 kila anapokwenda.

Nimesikia sheria inamtaja baba tu. Mama yuko salama?

Maandishi ya 1888 yanasema "baba, na mama baada ya kifo cha mume". Lakini Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka mtoto chini ya mamlaka ya baba na mama kwa pamoja, na avoka anayejua kazi yake huwaita wote wawili. Wazazi wakiwa wameachana, swali la kwanza ni mtoto analala kwa nani.

Mtoto anakaa kwa shangazi yake Kampemba; sisi tuko Likasi. Nani atajibu?

Hili ni gumu kuliko watu wanavyodhani, na hapa mjini ni la kila siku: nyumba ngapi hazina mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma?

Kifungu cha 260 kinataka mtoto awe anakaa na wazazi. Kama kwa kweli anaishi kwa shangazi mwaka mzima, wazazi wa Likasi wanaweza kusema kifungu hicho hakiwahusu. Shangazi naye hatajwi pale. Hata hivyo njia mbili zinamfikia. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 akisababisha madhara, malipo yanamwangukia mzazi, mlezi wa kisheria au yule mwenye kumtunza. "Mwenye kumtunza" ni shangazi. Njia ya pili ni kifungu cha 259, uzembe wake yeye mwenyewe, lakini hapo anayedai ndiye atakayethibitisha.

Likizo ya wiki mbili kwa bibi ni kitu kingine. Mtoto aliyekwenda kutembea bado anahesabika anakaa kwao.

Ukipokea mtoto wa ndugu kwa mwaka wa shule, andikeni karatasi fupi: nani anamtunza, nani analipa shule, nani analipa hospitali, na nani anajibu akifanya jambo. Karatasi hiyo haimzuii aliyeumizwa kudai kwa anayemtaka, ila inawaepusha ndugu kugombana nyuma yake.

Polisi wanaweza kumfunga mtoto wangu? Na mimi je?

Chini ya miaka 14 mtoto hawezi kuhukumiwa kwa kosa la jinai. Sheria ya 2009 imefunga mlango huo kabisa, hata kama kitendo ni kikubwa. Kuanzia 14 mpaka kabla ya 18 anaitwa "mtoto aliyegongana na sheria", na kesi yake inakwenda kwa tribinali ya watoto. Umri unathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo asiye nacho aanze kukitafuta leo. Watoto wengi wa miaka 13 wamesumbuliwa kama wa 15 kwa sababu ya kimo tu.

Wewe mzazi huwezi kukamatwa mahali pake. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema wajibu wa jinai ni wa mtu binafsi, na kwamba hakuna wa kushitakiwa, kukamatwa wala kufungwa kwa kitendo cha mwingine. OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa) akikuambia "lala hapa mpaka mwanao apatikane" au "mpaka ulipe hospitali", taja kifungu hicho kwa heshima na uombe kumpigia avoka. Deni la matibabu ni la kiraia. Kuwajibika kulipa ni jambo moja, kufungwa ni jingine, na pale kwenye kamisariati mambo hayo mawili huchanganywa sana, mara nyingi kwa makusudi.

Imetokea shuleni. Ni mwalimu, direkta, shule, au bado ni mimi?

Wote wanaweza kuitwa, kila mmoja kwa sababu yake.

Mwalimu anaingia kwa kifungu kilekile cha 260: mwanafunzi akiumiza mtu wakati yuko chini ya uangalizi wa mwalimu, mwalimu anahesabiwa kukosea mpaka aonyeshe kwamba hakuweza kuzuia. Shule inaingia kama mwajiri, ikijibu kwa mtu iliyempa kazi ya kuangalia. Inaingia pia kwa kosa lake yenyewe: madarasa mawili yameachwa bila mtu, ukuta una tundu, rekreasyo ya watoto 600 inaangaliwa na mwalimu mmoja aliyekaa chini ya mti anasahihisha daftari. Na mzazi wa mtoto aliyeumiza anaweza kuitwa kwa upande wa malezi, hasa kama mtoto alitoka nyumbani na kisu mfukoni.

Kwa mwalimu, kitu kinachoamua mara nyingi ni dakika. Kitendo cha ghafla, mwalimu akiwa amesimama mbele ya darasa, mtoto anageuka na kumchoma mwenzake kwa kalamu ndani ya sekunde moja: mwalimu anaweza kuokoka. Mapigano yaliyodumu dakika tano huku wenzao wakishangilia: hataokoka, kwa sababu mtu aliyekuwapo angeyasikia. Ndiyo sababu swali la kwanza la avoka si "nani alianza?" bali "ilichukua muda gani, na mwalimu wa zamu alisimama wapi?"

Uangalizi wa shule unaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi?

Unaanza shule inapompokea mtoto na kuisha inapomwachia kwa saa iliyojulikana. Rekreasyo imo, mazoezi ya michezo yamo, safari ya darasa imo, hata dakika za kungoja kengele ndani ya ua ikiwa geti limefunguliwa na watoto wameingia. Njiani kwenda nyumbani, baada ya saa ya kawaida, mtoto anarudi mikononi mwa wazazi.

Ugumu uko kwenye saa zisizo za kawaida. Shule za vakasyo mbili zina ule muda wa mchana ambapo wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia. Geti moja, watoto mia kadhaa, na kila mwalimu anadhani mwenzake ndiye anaangalia. Mapigano mengi hutokea pale. Shule ambayo haikupanga zamu ya muda huo imejifunga yenyewe.

Halafu kuna kufukuza watoto kwa ajili ya franka. Saa tatu asubuhi darasa linasomewa majina, waliokosa kulipa wanatolewa nje, na mzazi aliye kazini anaamini mwanawe yuko masomo. Mtoto akiumiza mtu barabarani saa nne, mzazi ana hoja yenye nguvu: kwa saa ile alikuwa amemkabidhi kwa shule, na shule ilimtoa bila kumwita mtu. Ndivyo ilivyo pia shule inapofunga mapema kwa sababu ya mkutano wa walimu bila kutuma ujumbe siku moja kabla. Ukikutwa na hali hiyo, tafuta daftari la mahudhurio la siku ile. Kama jina la mtoto lina alama ya "yupo", umepata ushahidi mzuri.

Hakuna aliyemsukuma. Mtoto alianguka mwenyewe shuleni. Naweza kudai?

Unaweza, lakini kwa njia nyingine, na wazazi wengi hushindwa hapa kwa kutojua tofauti. Ile dhana ya kumhesabu mwalimu kuwa amekosea inahusu madhara ambayo mwanafunzi amemfanyia mtu mwingine, hata kama huyo mwingine ni mwanafunzi mwenzake. Haihusu aliyejiumiza mwenyewe. Hapo ni juu yako kuthibitisha kosa la mwalimu au la shule.

Isipokuwa kama kilichoumiza ni kitu. Mwanzo wa kifungu cha 260 unamwajibisha mtu kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake: goli la chuma lisilofungwa chini likamwangukia kipa, dirisha lililong'oka, kifuniko cha choo kilichooza. Na kama ni ukuta au paa lililoanguka kwa kukosa matengenezo au kwa ubovu wa ujenzi, kifungu cha 262 kinamfuata mwenye jengo. Piga picha kabla fundi hajaitwa. Goli linachomelewa usiku uleule, na kesho yake utaambiwa lilikuwa imara tangu zamani.

Shule ni ya serikali, ya konvansyo au ya mtu binafsi. Kuna tofauti?

Ya wajibu hapana, ya nani wa kuitwa ndiyo. Shule ya binafsi: unamwita mwenye shule, yule aliye kwenye hati ya kuikubali. Shule rasmi isiyo ya konvansyo: mwajiri wa mwalimu ni serikali, kwa hiyo ni Jamhuri ndiyo inayoitwa. Shule ya konvansyo, yaani ya umma inayosimamiwa na kanisa au dini nyingine kwa makubaliano yaliyoanza mwaka 1977: mwalimu anahesabika wa serikali, lakini anayeongoza shule ni msimamizi wa dini. Kila mmoja atasukuma mpira kwa mwenzake, kwa hiyo avoka huwaita wote na kuacha juji agawe. Kumwita "shule" tu kwa jina la ubaoni ni kosa la kila siku. Kama haina utu wa kisheria, yaani sheria haiitambui kama mtu anayeweza kushitakiwa, madai yanatupwa kabla hata jeraha halijatajwa.

Na kama aliyempiga mtoto ni mwalimu mwenyewe?

Hiyo si ajali ya watoto. Mwalimu anajibu kwa kitendo chake, mwajiri naye anajibu kwa ajili yake, na kupiga na kujeruhi kwa makusudi ni jinai tangu kifungu cha 43 cha Kodi ya jinai, kitabu cha II. "Nilikuwa namrudi" haifuti jeraha.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Mtoto kwanza. Jicho lililochomwa halisuguliwi wala halioshwi kwa nguvu, na kitu kilichobaki ndani hakitolewi; lifunike na kikombe cha plastiki bila kuligandamiza na uende hospitali ya Sendwe au kliniki yenye daktari wa macho. Jino la kudumu lililong'oka lishikwe sehemu ya juu, siyo mzizi, liwekwe kwenye maziwa, na lifike kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Aliyegongwa kichwa akitapika, akisinzia kupita kiasi au akianza kuongea visivyo, anarudishwa hospitali hata kama ni saa nane usiku. Jeraha la chuma au la udongo: uliza sindano ya pepopunda.

Sasa karatasi, na hapa kuchelewa kunagharimu. Hospitalini kila franka iwe na risiti yenye jina la mtoto, siyo jina la mjomba aliyeshika pesa. Teksi na pikipiki hazitoi risiti, kwa hiyo andika kwenye daftari tarehe, safari na bei. Cheti cha daktari kiseme jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, matibabu ni ya siku ngapi, na kama kuna ulemavu utakaobaki. Cheti kinachosema "amepata jeraha, anaendelea vizuri" hakina faida kwako. Mrudie daktari siku hiyohiyo akijaze. Ukienda polisi, OPJ anaandika rekizisyo, yaani barua rasmi ya kumtaka daktari achunguze jeraha. Cheti kinachojibu rekizisyo kina uzito zaidi kuliko ulichokiomba mwenyewe.

Shuleni, mwombe direkta au prefe aandike ripoti ya ajali siku ileile. Iwe na saa, mahali, jina la mwalimu wa zamu na majina ya watoto walioona. Akisema "tutaona", usigombane. Andika barua yako mwenyewe, nakala mbili, uipeleke kwenye sekretaria: moja wanabaki nayo, ya pili wanaigonga muhuri, tarehe na sahihi ya kupokea. Barua isiyo na muhuri wa kupokea, mbele ya juji, ni kama haikuandikwa. Wakikataa kuigonga, itume kwa huissier, ofisa wa kupeleka karatasi za kisheria; italipiwa, lakini haikataliki.

Familia nyingine inataka tuelewane nyumbani. Tukubali?

Mara nyingi ndiyo. Watoto watakaa darasa moja mpaka Juni, na wazazi watakutana kwenye borne fontaine ileile. Kwa mtoto wa miaka 14 hadi 17 hata sheria ya 2009 imeweka upatanisho mbele ya kamati maalumu. Kinachoharibu maelewano ni haraka.

Kosa kubwa ni kusaini "sitadai tena" wakati jeraha bado halijatulia. Familia inapokea dola 150 siku ya tatu, mfupa unaonekana umeungana, mwezi wa pili daktari anasema mkono umepinda na unataka kuvunjwa upya. Pesa zimeliwa na karatasi imesainiwa. Ngoja daktari aandike kwamba jeraha limetulia. Wakati mnangoja, mkubaliane juu ya gharama za kila siku: upande wa aliyeumiza unalipa dawa na usafiri kwa risiti, na jumla ya fidia itajadiliwa baadaye.

Karatasi ya maelewano iwe na majina kamili ya wazazi wa pande zote na ya watoto, tarehe na mahali pa tukio, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na ni dola au ni franka. Kama ni dola zitakazolipwa kwa franka, andikeni ni kwa bei ya siku gani. Bei inayopanda na kushuka imeshavunja maelewano mengi yaliyofanywa kwa nia njema. Malipo ya awamu yawe na tarehe, siyo "mwisho wa mwezi". Andikeni nani atalipa upasuaji ukihitajika tena. Mashahidi wawili kila upande, nakala moja kwa kila familia, na moja kwa shefu wa kartie kama alikuwapo.

Shefu wa kartie, mzee wa kanisa au kamati ya wazazi wanaweza kuwakalisha chini. Hawawezi kutoza faini, wala kuandika hukumu. Na pale kitendo kinapokuwa kikubwa, tuseme kubaka au kifo, maelewano ya familia hayasimamishi parke, ofisi ya mwendesha mashtaka.

Tusipoelewana, tunakwenda tribinali gani?

Kwa sheria ya 2013 ya mpangilio wa mahakama, madai yasiyozidi franka 2.500.000 yako tribinali ya amani, ile wengi wanaita Tripaix. Zaidi ya hapo ni TGI, tribinali kubwa (tribunal de grande instance). Hesabu kabla ya kuandika: ukidai zaidi ya unachoweza kuthibitisha ili tu "kuogopesha", umejipandisha TGI na gharama zimepanda nawe.

Muda wa kudai kwa njia ya kiraia ni miaka 15, lakini usitegemee muda huo. Mashahidi wako ni watoto wa darasa la tano. Baada ya miaka miwili nusu wamehama na nusu wamesahau. Njia ya jinai ni fupi zaidi: kujeruhi bila kukusudia, kwa mfano mwalimu aliyeacha watoto wacheze na asidi ya betri, kuna adhabu isiyozidi mwaka mmoja gerezani, kwa hiyo mashtaka yenyewe yanazeeka baada ya mwaka mmoja.

Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini kwenye komini, idara ya mambo ya jamii, akiambatanishe na ombi la kusamehewa gharama za kufungua kesi. Barreau, chama cha maavoka, nayo ina ofisi ya ushauri wa bure.

Fidia inahesabiwaje?

Kwa vipande viwili. Cha kwanza ni kilichotoka mfukoni na kinachohesabika: matibabu, dawa, miwani, usafiri, siku ambazo mama hakufungua meza yake sokoni kwa sababu alikaa hospitali. Hiki kinakwenda kwa risiti, na kwa siku za meza tafuta mashahidi wawili wa soko na daftari la mauzo kama lipo. Cha pili ni maumivu, kovu usoni, jicho lisiloona, mwaka wa shule uliopotea. Hapa hakuna orodha ya bei; juji anakadiria kwa haki na usawa. Anayepeleka picha za jeraha za wiki kwa wiki na cheti chenye asilimia ya ulemavu hupata makadirio yaliyo karibu na ukweli. Anayekwenda na machozi tu hupata kidogo, hata kama machozi ni ya kweli.

Mtoto aliyeumia akiwa na sehemu yake ya kosa, kwa mfano yeye ndiye aliyeanza kwa tofali, fidia inagawanywa.

Shule ilitusainisha kwamba "haitawajibika kwa ajali yoyote". Tumejifunga?

Kwa mtoto mwingine aliyeumizwa, sahihi yako haina nguvu yoyote, yeye hakusaini. Haisimamishi kesi ya jinai pia. Shule nyingi huiweka sentensi hiyo ili mzazi akate tamaa kabla hajauliza, na kwa bahati mbaya inafanya kazi.

Tunalipa bima shuleni. Si inalipa hiyo?

Angalia risiti ya karo: kuna mstari wa bima? Kama upo, muulize mhasibu namba ya mkataba na jina la kampuni. Tangu Kodi ya bima ya mwaka 2015 SONAS, kampuni ya bima ya serikali, haiko peke yake tena sokoni, na kampuni zinasimamiwa na ARCA, mamlaka ya bima. Kisha uliza jambo la maana: mkataba unalipa ajali ya mwanafunzi tu, au unalipa pia madhara ambayo mwanafunzi amemfanyia mwingine? Wengi hugundua baada ya ajali kwamba ni ile ya kwanza tu, na yenye kikomo kidogo. Muda wa kutoa taarifa umeandikwa ndani ya mkataba. Ni wa siku, siyo wa miezi.

Kijana wangu wa miaka 16 alichukua pikipiki ya baba yake akamgonga mtu.

Bima ya chombo ni ya lazima tangu 1973, kwa hiyo taarifa kwa kampuni ya bima inatangulia. Lakini dereva asiye na leseni huipa bima sababu ya kukugeukia. Ufunguo ulikuwa wapi? Ukiwa umetundikwa ukutani sebuleni, na siyo mara ya kwanza, jibu lako ni dhaifu.

Shule ifanye nini ili isipatikane na hatia?

Ibandike orodha ya zamu ukutani, yenye majina na sehemu za uwanja, na walimu waisaini kila asubuhi. Orodha iliyotengenezwa baada ya ajali hujulikana kwa wino wake: sahihi za wiki nzima zina kalamu moja. Daftari la matukio, kurasa zenye namba, likae kwa direkta. Hata ugomvi mdogo uandikwe na mzazi aitwe, maana siku ya ugomvi mkubwa daftari hilo ndilo litakaloonyesha kwamba shule ilichukua hatua.

Na wembe. Watoto wetu wanachonga kalamu kwa nusu ya wembe iliyovunjwa, wanaificha kwenye sanduku la kompa au katikati ya daftari, na watoto wanne wamebanana kwenye dawati moja. Mwalimu anayejua hivyo na kuruhusu hawezi kusema baadaye kwamba hakuweza kuzuia. Vichongeo viwili vilivyofungwa kwa uzi kwenye meza ya mwalimu ni bei ya chupa moja ya soda, na wembe wote uokotwe Jumatatu asubuhi kabla ya somo la kwanza, uwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, na wazazi waambiwe kwa maandishi kwamba wembe hauingii tena darasani.